Mlango wa Mzee Mwaisumo

Mtu mmoja alikuwa na nyumba yenye milango miwili, mmoja wa heshima na mmoja wa ng'ombe. Jina lake Mwaisumo. Nyumba yake ilikaa kwenye mteremko wenye migomba na chai, kule ambako mvua ikishaanza haina adabu ya kuaga, na shati ulilofua leo unalivaa bichi wiki ijayo. Mlango wa mbele aliuchonga mwenyewe kwa mbao za mkaratusi. Aliupachika kiangazi, jua likiwa limekausha kila kitu mpaka ndimi za watu. Ukakaa kwenye miimo yake barabara. Hata unyasi haukupita. Ukiusukuma kwa kidole ulifunguka bila kulia, na majirani walikuwa wakija kuusukuma kwa kidole na kusema, lo! Mzee akaona kazi ya milango imekwisha duniani. Hakuna aliyemkumbusha kwamba mlango uliopimwa kiangazi umepimwa nusu, na angekumbushwa angekasirika, maana waliojenga wakati wa jua hawapendi kuambiwa habari za mvua.

Kisha akaweka sheria ya nyumba yake. Mtoto akitoka safari, atausukuma mlango wa mbele, atavuka kizingiti, ataweka mkono wake ndani ya mkono wa baba. Hapo atapewa kigoda karibu na mafiga, na kigoda hicho ndicho fungu lake katika nyumba, siku zote. "Mwanangu ni yule anayenijia kwa mlango wa mbele," alisema. "Anayepitia zizini ni ndama." Watu walicheka sana. Wakati huo ilikuwa rahisi kucheka.

Gwakisa, mkubwa, aliingia kiangazi. Alisukuma kwa kidole, akapewa kigoda. Tupokigwe, binti, naye aliingia kiangazi, tena kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa imebeba chungu. Akapewa kigoda. Mpaka leo wote wawili wakisimulia jinsi walivyoingia, husimulia kana kwamba walipasua mwamba.

Asajile, wa mwisho, alitumwa kusoma. "Soma, mwanangu," baba alimwambia. "Ukirudi, wewe sukuma tu." Akasoma. Alisoma mpaka masomo yakaisha, yakaongezewa jina jingine, yakaisha tena. Aliporudi alikuwa na cheti kimefungwa kwenye nailoni, viatu vinavyokunywa maji, na habari aliyoipata njiani kwamba baba yake amelala kitandani, hainuki, macho hayaoni, na kila anaposikia kishindo huuliza kama kitinda mimba wake amefika. Hakutaka kitu kingine. Alitaka kuingia, aushike ule mkono ungali na joto. Kigoda baadaye. Lakini masika yalikuwa yameshaanza.

"Hodi!"

"Karibu!" sauti ya Gwakisa ikajibu kutoka ndani, nzito, imeshiba. "Ni nani?"

"Ni mimi, Asajile."

"Msomi wetu! Karibu sana. Sukuma."

Akasukuma kwa kidole, kama alivyofundishwa. Mlango ukamtazama. Akasukuma kwa kiganja, kisha kwa bega. Ulikuwa umevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki; umejaa fremu yote, juu na chini, na mahali ulipokutana na kizingiti mbao zilikuwa zimeng'ata.

"Kaka, umekwama."

"Umekwama vipi? Ni mlango uleule. Mimi niliusukuma kwa kidole."

"Mimi kwa kiwiko," Tupokigwe akadakia. "Na chungu mkononi."

"Sasa kuna mvua, dada."

"Mvua na mlango wapi na wapi? Watoto wa siku hizi mna visingizio!"

Asajile akafikiri labda kweli. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaja na bega. Bega likalia, mlango haukulia. Akajaribu tena. Akajiuliza kama mlango huo hufunguka kwa kuvutwa, akataka kuuvuta. Hakuna pa kushika. Akaangalia nyumba vizuri kama kweli ni ya kwao. Ilikuwa ya kwao. Alijua hata jiwe alilojikwaa akiwa mdogo.

"Labda hausukumi vizuri," Tupokigwe akasema kwa huruma. "Umewahi kufungua mlango gani kabla ya huu?"

"Milango ya kawaida."

"Ya kuvimba?"

"Hapana."

"Ndiyo hapo sasa," Gwakisa akasema. "Experience, mdogo wangu. Experience. Huwezi kuja kuanzia kwenye mlango wa Baba."

"Kaka, be serious. Nitaipata wapi hiyo experience kama mlango wenyewe ndio wa kwanza?"

Ndani walisikika wakitafuna. Kisha Tupokigwe akamwambia apenyeze cheti chake chini ya mlango, wakione, pengine kitasaidia. Akapiga magoti kwenye tope, akakitoa kwenye nailoni, akakisukuma taratibu. Mlango ulikuwa umekaza hata chini. Karatasi ikakunjika pua, ikarudi.

Asajile si mtu wa kukata tamaa upesi. Alikaa kibarazani akafikiri kwa akili zote alizolipiwa. Mbao zikivimba hupigwa randa. Hilo halihitaji chuo. Akaita, "Kaka, ile randa ya Baba bado ipo?"

"Ipo. Ninaiona hapa."

"Nipatie basi, niupunguze ukingo."

"Of course," Gwakisa akajibu bila kinyongo. "Ingia uichukue."

 Asajile alilipindua neno hilo upande huu na upande huu, kama mtu aliyepewa sarafu ya nchi asiyoijua. Ili aingie anahitaji randa. Ili aipate randa anahitaji kuingia. Na aliyesema hivyo hakuwa na dharau hata kidogo sautini. Alisema kama anavyosema mtu mwema, tena aliye ndugu. Hilo ndilo lililomchanganya. Angetukanwa, angejua pa kusimama.

"Kwani nyinyi mnatokaje humo?" aliuliza.

"Hatutoki," Tupokigwe akasema. "Tangu mvua ianze hatujatia mguu nje. Tunamuuguza Baba. Sisi tumefungiwa ndani kama wewe ulivyofungiwa nje, usidhani ni raha."

Akawaonea huruma. Ndiyo, aliwaonea huruma wao. Akajiona mbinafsi, anapigania kuingia wakati wenzake wana shida ya kutoka. Akasukuma tena, safari hii kwa ajili yao.

Mvua iliendelea. Asajile alilala kibarazani, akaamka kibarazani. Kila asubuhi alipiga hodi, kila asubuhi akakaribishwa. Hakukuwa na siku aliyokosa kukaribishwa. Siku moja Gwakisa alimwambia asubiri jua. Siku nyingine alimwambia kwamba wanaosubiri jua ni wavivu. Tupokigwe alimwambia aombe, akaomba. Alimwambia tena kwamba huenda hodi yake ina kiburi cha shule, aipige kwa unyenyekevu. Akaipiga kwa unyenyekevu. Ilifika mahali hajui tena kosa liko wapi, kwenye mbao, kwenye bega lake, kwenye sauti yake, au kwenye siku aliyozaliwa. Wakati mwingine, akiwa ameegemea ule mlango na kuhisi joto la moto wa ndani likipita kidogo kwenye mbao, alikuwa hajui hata upande upi ndio wa nje.

Na kila siku alisikia kikohozi. Kilikuwa kikipungua nguvu.

Jirani, Mama Ipyana, alikuwa akipita na mkungu wa ndizi kichwani, akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Ugonile, Asajile! Bado unaongea na mbao?"

"Ndaga, mama. Umevimba."

"Naona. Na wewe umekonda. Mmegawana vizuri." Alisimama, akatazama mlango, akatazama upande wa nyuma ya nyumba, ambako uzio wa matete ulishuka mpaka njia ya chini. Akataka kusema neno. Kisha akarekebisha ngata. "Mimi nyumba za watu simo," akasema, akaenda.

Asajile alibaki akiwaza jinsi macho ya Mama Ipyana yalivyoelekea nyuma. Hakupata kitu. Aliheshimu wakubwa zake. Mtu anayeheshimu wakubwa huchelewa sana kuona.

Siku hiyo hiyo, akiwa amechoka kusukuma, aliona kwenye ubao wa kati tundu dogo. Fundo la mti lilikuwa limedondoka. Akafurahi, angalau atamwona baba. Akaweka jicho. Giza. Akaingiza kidole, kidole kikagusa kitu kizito, laini, baridi. Alipokitoa kilikuwa kinachuruzika maji. Akatafuta kijiti, akakipenyeza, akakisogeza kile kitu pembeni, akachungulia tena.

Yalikuwa makoti. Koti la Gwakisa, lile refu la mpira na sufi ndani. Koti la Tupokigwe. Shuka nzito za kuchungia mifugo, magunia ya kujifunika kichwani, vyote vimetundikwa kwenye misumari nyuma ya mlango wa mbele, kimoja juu ya kingine. Vyote vililowa. Maji yalitoka kwenye pindo za makoti, yakateremka juu ya mbao, yakaingia ndani ya mbao. Mlango ulikuwa unanyweshwa. Mvua ya nje ilikuwa inakingwa na paa la kibaraza. Huku upande wa Asajile mbao zilikuwa na unyevu tu wa ukungu. Kule ndani zilikuwa zinakunywa kama ng'ombe mtoni.

Asajile alitazama muda mrefu. Mngedhani alikasirika. Hapana, bado alikuwa amechanganyikiwa, tena zaidi ya mwanzo, na aliuliza swali lake kwa moyo safi kabisa, akiwahofia wasije wakapata vichomi.

"Kaka, paa linavuja?"

"Nini?" Gwakisa alisimama, kigoda kilisikika kikianguka. "Paa nililoezeka mimi kwa mikono hii? Halivuji hata tone! Nani kakwambia linavuja?"

"Sasa makoti yenu yamelowea wapi?"

 Moto ulisikika ukipasua kuni. Hata kutafuna kulikoma. Kutoka kitanda cha mbali, ikatoka sauti kama ya jani kavu. Asajile hakuyapata maneno, alipata mwinuko tu, ule wa mtu anayeuliza. Kukafuata mnong'ono, wa kike, kisha wa kiume, kisha yote miwili kwa pamoja. Halafu Gwakisa akaja karibu na mlango, akasema kwa sauti ya utaratibu:

"Baba anasema swali hilo uliulize ukishaingia."

Je, baba alisema? Asajile hakujua, na hatajua. Baba aliyemjua angeweza kusema hivyo. Mwenye sheria huipenda sheria yake kuliko haja iliyomfanya aiweke. Na baba aliyemjua angeweza pia kuuliza, "Mwanangu yuko wapi?" na akajibiwa kwamba ni upepo. Maneno yote mawili yangepita kwenye ubao uleule yakatoka na sauti ileile ya Gwakisa.

Akaizunguka nyumba. Kwa mara ya kwanza tangu arudi alishuka upande wa uzio wa matete. Tope la lango la zizi lilikuwa na nyayo, kubwa na ndogo, za kwenda na za kurudi, nyingine juu ya nyingine, mpya. Njia ilikuwa imekanyagwa mpaka inang'aa. Mlango wa ng'ombe ulikuwa wazi, umeegeshwa kwa jiwe. Aliona mwanga wa moto kule ndani. Angepiga hatua chache tu kwenye samadi, angekuwa kitandani kwa baba yake.

Akainua mguu. Akausikia mdomo wa mzee ukisema ndama. Aliona ule mkono ukimpapasa, ukinusa samadi, ukirudi kifuani bila kumshika. Na hapo alivurugikiwa kabisa, maana walioko ndani wote walinuka samadi, na walikuwa wamekaa kwenye vigoda. Akajiambia kwamba sheria ikivunjwa na wengi bado ni sheria. Akajiambia kwamba sheria inayomfunga mmoja si sheria. Yote mawili aliyaamini kwa wakati mmoja. Logic aliyosomea haikuwa na sura inayohusu jambo hilo. Akausimamisha mguu hewani mpaka ukafa ganzi, kisha akaurudisha ulikotoka.

Alirudi mbele. Akapiga hodi.

"Karibu," wakamjibu. "Sukuma."

Alikuwa bado anasukuma kilio kilipotoka. Hakikutoka mlangoni. Kilitoka nyuma ya nyumba, zizini, ambako Tupokigwe alikuwa amekimbilia kutangaza msiba njia ya chini, koti kichwani. Asajile aliweka paji la uso kwenye ubao, akakaa hivyo. Joto lilikuwa bado linapita kidogo kwenye mbao. Hakuweza kujua kama ni la mafiga au ni la mkono aliokuwa ameufuata.

Watu wa kijiji wakajaa ndani, wakipitia zizini. Na pale kwao kuna desturi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuivunja: mwenye nyumba hutoka kwa mlango alioupachika kwa mikono yake mwenyewe. Hatolewi kwingine. Jeneza likawekwa begani, wanaume wakageukia mlango wa mbele, Gwakisa akatangulia kuufungua. Akauvuta kwa kidole. Akauvuta kwa kiganja. Akaondoa makoti kwa haraka akayatupa pembeni, akashika komeo kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani.

"Asajile!" akapaza sauti. "Uko hapo?"

"Nipo."

"Sukuma, mdogo wangu! Sukuma kwa nguvu zako zote!"

Akasukuma kwa nje. Wakavuta kwa ndani. Kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilikuwa upande mmoja juu ya jambo moja, na mlango haukusogea hata unene wa kucha.

"Umevimba," Gwakisa akasema akitweta. Alilisema kwa mshangao, kama mtu aliyegundua.

"Ndiyo, kaka."

"Ulikuwa mgumu hivi siku zote?"

 Asajile alikuwa anatafuta ndani yake hasira ya kujibu nayo, akawa haioni. Alikuta tu bega linalouma. Mzee mmoja akasema kiletwe shoka. Gwakisa akamgeukia kwa ukali. "Shoka? Mlango wa Baba?" Watu wakamwona ana heshima sana.

Jeneza likageuzwa. Lilipita jikoni, likapita katikati ya ng'ombe, wabebaji wakateleza kwenye samadi, mmoja akaangukia goti, sanduku likainama upande wa kichwa. Likatoka kwa lango la zizi, juu ya zile nyayo zote, huku mvua ikilipiga. Asajile alilifuata kwa nyuma. Alipolifikia aliweka kiganja juu ya mbao zake. Zilikuwa mbichi, na zilikuwa zimeshaanza kunywa.

Enyi mlioingia kiangazi, mlango uliomkatalia mtoto kuingia ndio utakaomkatalia baba kutoka.